Shangazi, kitabu cha sauti kilitununisha kutoka Korogwe mpaka Same

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mbezi, Dar es Salaam. Mume wangu ni Mchaga wa Machame, kwa hiyo Desemba yetu unaijua bila kusimuliwa: ikishafika tarehe ishirini na kitu, hata kama mfuko umetoboka, gari linapakiwa na tunapanda nyumbani. Ni zaidi ya kilomita 500. Kwa Noah yetu, na jinsi baba watoto anavyoheshimu zile hamsini za vijijini, ni mwendo wa saa tisa hadi kumi.

Wa kwanza ni mvulana wa miaka 13, siku hizi anaongea na sisi kama mtu anayelipia kila neno. Wa kati ni msichana wa miaka 9, huyo hanyamazi. Kitinda mimba ana miaka 5 na anaanza kuuliza "tumefika?" kabla hatujaiona Kibaha. Miaka yote tulikuwa tunawapa simu watulie. Lakini huyu wa kati akitazama simu garini anatapika, na mdogo simu ikimzimikia ni kilio mpaka kituo kinachofuata.

Mwaka jana nikaona nibadilishe. Mwenzangu kazini aliniambia wao husikiliza kitabu cha sauti safari nzima na watoto wanatulia kama maji ya mtungini. Nikanunua kimoja cha Kiingereza, hadithi ya watoto waliopotelea msituni, saa sita na ushee. Nikasema hapohapo na Kiingereza chao kitanyooka. Tukaanza pale tu tulipotoka nyumbani, saa kumi na moja alfajiri. Ili wasisikilize hovyo hovyo, kila baada ya dakika kumi nilikuwa nasimamisha na kuwauliza maswali: nani kasema nini, kwa nini, neno fulani maana yake nini.

Shangazi, ilikuwa balaa. Mkubwa alivaa spika za masikioni kabla hatujafika Mlandizi. Wa kati alikuwa anajibu maswali yote na kumcheka mdogo kwamba hajui kitu. Mdogo akaanza kulia. Mama mkwe tulikuwa naye, alikuja Dar kutibiwa macho, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, huyu Mzungu anayeongea bila kupumua anauza nini?" Dada wetu wa kazi alikuwa amegeukia dirishani muda wote. Halafu mtandao ukaanza kukatika katika, sauti inakwama, inarudi, inakwama. Tulipofika Korogwe baba watoto akanyoosha mkono, akazima, akaweka zilipendwa. Nilimwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia mbele ya mama yake. Hatukusemezana tena mpaka Same.

Sasa Desemba inakuja tena. Mume wangu anasema mambo ya vitabu vya sauti ni ya wenye barabara zilizonyooka, dereva wa huku anahitaji masikio yake. Mwalimu wa mtoto wa kati naye ameniambia mtoto akizoea kusomewa atakuwa mvivu wa kusoma mwenyewe. Mimi bado moyo unanituma kujaribu, kwa sababu kuna kitu nilikiona: katikati ya vurugu zile, sehemu ya yule mtoto kuvuka mto usiku, mkubwa wangu alitoa spika moja sikioni. Dakika mbili tu. Nikasimamisha niulize swali, akairudisha.

Nijaribu tena au niwape simu zao yaishe?

Mama wa Siti ya Mbele

*

Marahaba, mwanangu.

Jibu la swali lako umeliandika mwenyewe karibu na mwisho wa barua, nadhani hukuliona. Mtoto wa miaka 13 alitoa spika sikioni kwa hiari yake, nawe ukamletea mtihani. Mimi pia ningeirudisha.

Wewe hukuwasikilizisha hadithi. Uliwafungulia darasa saa kumi na moja alfajiri, kwenye gari lenye mikanda, ambapo mwanafunzi hana hata ruhusa ya kwenda chooni. Hadithi ina adabu zake. Bibi zetu walipokuwa wanatamba ngano jioni, nani alisimamishwa katikati akaulizwa "fisi alikuwa na maana gani?" Swali liliulizwa na mtoto, tena mara nyingi kesho yake, akiwa kisimani. Kwa hiyo safari hii maswali yafunge kwenye begi, uweke chini kabisa, chini ya viatu vya Krismasi. Wakiuliza wao, simamisha hadithi muongee hata nusu saa. Wasipouliza, nyamaza na wewe usikilize. Binti yako wa miaka 9 akikosa wa kumshinda, hata mdogo wake atapumua.

Kosa la pili ni lugha, na hili limeniuma zaidi. Ndani ya gari lile mlikuwa watu saba. Ulichagua hadithi ambayo wawili kati yao, mama mkwe wako na binti anayekulelea watoto, hawakuwa na mlango wa kuingilia, na mdogo naye ulimwacha kizingitini. Mama mkwe alikuuliza anauza nini kwa sababu ndivyo ilivyosikika kwake: sauti ya mnadani. Kama unataka Kiingereza chao kinyooke, kuna karibu siku 200 za shule kwa ajili hiyo. Gari la kwenda nyumbani linaongea lugha ya kila aliyemo.

Najua utaniambia vitabu vya sauti vya Kiswahili vya watoto ni vya kutafuta kwa tochi. Ni kweli, ni vichache. Lakini si kwamba hakuna kabisa. African Storybook ni maktaba ya bure ya hadithi za watoto za Kiafrika, na Kiswahili kimo kwa wingi. Nyingi ni maandishi na picha. Kutokana na hadithi hizohizo kuna Storybooks Tanzania, ambako zipo zilizosomwa kwa sauti kwa Kiswahili. Ni fupi fupi, zinamfaa sana huyo wa miaka 5. Saa sita za watoto waliopotea msituni si za umri wake, anasahau wamepotea.

Zilizobaki rekodini wenyewe. Usicheke. Simu yako ina kinasa sauti. Chukua kitabu cha hadithi mnachokipenda, ingia chumbani usiku watoto wakishalala, zima panga boi (lile linavuma kwenye rekodi kama helikopta), fungua kabati la nguo na usome ukiwa umelielekea. Nguo zinameza mwangwi. Ukikosea, pumua, rudia sentensi, endelea. Hapo kuna kazi moja ya mwanao mkubwa: mwambie akukatie makosa na kuunganisha vipande. Watoto wa umri wake hufanya hayo kwenye simu wakiwa wanakula. Usimwambie ni kwa ajili ya "familia kuwa pamoja", atakimbia. Mwambie umeshindwa, unaomba msaada.

Huyo huyo umwachie na usimamizi wa sauti garini, na umwache avae spika zake akitaka. Sikio moja litasikia tu, umeshaliona. Mwombe apunguze sauti za hizo spika: Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidishe desibeli 75 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki, na kwenye gari lenye kelele za lami kila mtu huongeza bila kujijua.

Sasa mitambo, maana nusu ya ugomvi wenu naona ulikuwa wa mtandao. Usitegemee mtandao barabara ile. Sauti ya mtu anayesoma, ikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, inakula kama megabaiti 29 kwa saa. Hata ukijaza saa tisa zote hujafika megabaiti 270. Pakua nyumbani, weka kwenye flashi, andika majina ya mafaili kwa namba, 01, 02, 03, la sivyo redio itakupigia mwisho kabla ya mwanzo na nyoka atakufa kabla hajazaliwa. Flashi iwe ya mfumo wa FAT32, redio nyingi za zamani hazisomi mwingine.

Kama Noah yenu ni ya Japani kama za wengi, redio yake huenda inaishia megahezi 90, maana kule FM imeanzia 76. Ukinunua kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la sigara kinachorusha sauti ya simu kwenda redioni, kiweke chini ya 90, mahali pasipo na stesheni, na ujue mkivuka mkoa huenda ukahitaji kukihamisha. Mimi napenda njia nyingine iliyo rahisi zaidi: spika ndogo ya bluetooth, ikae siti ya nyuma katikati ya watoto. Nyuma wanasikia vizuri bila wewe kupandisha sauti mbele mpaka dereva anashindwa kusikia honi ya lori.

Na hapo tumfikie mumeo. Mumeo ana hoja, mwanangu. Amekosea kuzima bila kuuliza, lakini dereva wa barabara ile ana kazi kubwa kuliko ya msikilizaji. Kutoka Mbezi mpaka Chalinze, na malori yale, na giza la alfajiri, kusiwe na hadithi yoyote. Watoto wenyewe wanakuwa bado na usingizi, waache walale. Hadithi ianze mkishaiacha Chalinze, jua limetoka, watu wamekunywa chai. Askari akinyoosha mkono, inazimwa. Mvua ikikaza, inazimwa. Kuovateki lori, mtu wa siti ya mbele ndiye anayezima, yaani wewe, bila kuombwa. Halafu zilipendwa zipewe saa zao, zitajwe kabisa: kutoka Mombo mpaka Same ni za baba, na asiguswe. Mtu aliyepewa zamu yake hanyooshi mkono kwenye zamu ya mwenzake. Na zile nyimbo, ukizisikiliza maneno, zote ni hadithi. Mkubwa wako akimuuliza baba yake huyo mwanamke wa kwenye wimbo aliishia wapi, mtakuwa mmepata sura nzima.

Mwalimu sitaki kumvunjia heshima, lakini hapo nakataa. Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliueleza usomaji kama hesabu ya kuzidisha: kuyatambua maandishi, mara kuielewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kusikiliza hakumfundishi mtoto kutambua herufi, hilo mwalimu yuko sahihi. Kunamjengea upande wa pili: maneno, sentensi ndefu, kukumbuka nani ni nani mpaka mwisho. Binti anayesoma kitabu nyumbani Jumamosi na kusikiliza kingine barabarani hajapoteza kitu. Tena yeye garini hana namna nyingine. Anatapika kwa sababu macho yanaona simu imetulia huku sikio la ndani linahisi gari linayumba, mwili unachanganyikiwa. Akisikiliza macho yanabaki dirishani, yanaona kile kile ambacho mwili unahisi. Mkalishe aone mbele vizuri, na mfuko wa akiba usikose, mimi siyo mganga.

Kuhusu dirisha. Kosa linalofanywa na wengi wenye vitabu vya sauti ni kujaza safari nzima, kana kwamba nje hakuna kitu. Barabara ya kaskazini ni simulizi yenyewe. Mkifika maeneo ya Korogwe yale mashamba ya mkonge yanapoanza, mistari iliyonyooka mpaka chini ya mlima, simamisha kitabu uwaambie habari ya Mjerumani Richard Hindorf aliyeagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na vilivyofika huku vikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na hivyo 62 ndiyo mkonge wote huo. Kisha nyamaza. Nakuhakikishia yule wa miaka 9 ataanza kuhesabu.

Na vitendawili havihitaji chaji. Tegeni kwa masharti ya kizamani: anayeshindwa anatoa mji. Tofauti ni kwamba nyinyi miji mnaipita kweli. "Kitendawili!" "Tega!" "Kamba yangu ndefu, lakini haifungi kuni." Mdogo akishindwa anaambiwa toa mji, anasema, "Chukua Mombo," na hapo Mombo yenyewe iko dirishani na wauza matunda wamekimbilia gari. (Jibu ni njia, ile mnayopita.) Niliwahi kusafiri na mpwa wangu mmoja akiwa na miaka sita. Alishinda Korogwe, Hedaru na Same, tukafika Himo akagoma kushuka kununua ndizi kwa sababu Himo ilikuwa bado ya kaka yake na hakutaka kuingia bila ruhusa. Dada wenu wa kazi, kama ni mtu wa bara au wa pwani, sijui, lakini mpe nafasi atege. Huenda ndiye atakayewamaliza miji yote.

Nimebakiza mama mkwe, naye ndiye niliyemweka akilini tangu nianze kuandika. Wewe ulinunua hadithi ya saa sita, na kwenye siti ya nyuma yako alikaa mtu mwenye hadithi za miaka sabini. Wazee wa Kichaga wanasimulia habari za vilele viwili vya Kilimanjaro, kwamba Mawenzi alikuwa haishi kwenda kwa Kibo kuomba moto, moto wake unazimika kila mara. Siku moja alirudi mara nyingi mno, Kibo akachoka, akachukua mchi akampiga nao. Ndiyo maana Kibo kichwa chake kimetulia laini na Mawenzi amebaki na mapengo na makunyanzi. Hebu fikiria mtoto wa miaka mitano amesikia hayo kwa sauti ya bibi yake, halafu mmeipita Mwanga, mawingu yamefunguka, mlima umesimama, na upande wa kulia ile ncha iliyochanika inaonekana waziwazi. Hatauliza "tumefika?". Atauliza alipigwa mara ngapi.

Mwaka huu, kama mama yuko Machame, hiyo hadithi mtaikuta kwake. Kaeni naye jikoni jioni, simu iwekwe juu ya kigoda karibu naye lakini si usoni kwake, watu wazima wakiona simu wanaanza kuongea kama wako redioni. Aseme kwa Kimachame akipenda, kisha arudie kwa Kiswahili. Mumeo atafsiri pale atakapokwama, naona hata yeye kuna maneno ameshayasahau. Msimkatize. Jogoo akiwika katikati, mwacheni awike. Zikipatikana hata dakika arobaini, hiyo ndiyo ya kusikiliza mkishaanza kurudi, kwenye ile saa ya kwanza ya huzuni ya kuondoka ambapo kila mtu ananyamaza.

Mume wako mwombe radhi kwa yale maneno ya mbele ya mama yake, kabla ya safari, si ndani ya gari. Naye umwambie kwamba kuzima bila kuuliza kulikuuma. Sio hoja ya vitabu hiyo.

Mkirudi mniandikie nani alichukua Chalinze. Na mkipita Segera, machungwa yangu mfuko mmoja, yale ya kijani, msichague ya njano.

Shangazi